Neno la Tatu Lilikuwa Refu

Kengele ya kanisa la Mkuyuni ni ringi ya lori. Zipporah ndiye anayeigonga, kwa kipande cha nondo, kila Jumapili jua likiwa limeshapanda kimo cha mtu juu ya mashamba ya mpunga. Anaigonga polepole, pigo moja, kimya, pigo jingine, kwa kuwa anasema chuma kikiharakishwa kinawatia watu hofu, na watu wa Mkuyuni wameshaogopa vya kutosha. Sauti inashuka mteremko, inapita juu ya migomba, inafika mtoni, na huko, Zipporah ana hakika, kuna kitu kinaiitikia.

Kinachoitikia ni kanisa la zamani. Liko kule chini, mahali kijiji kilipokuwa kabla ya mafuriko ya mwaka juzi, kati ya Hewani na Garsen, pale ambapo Tana uliamua siku moja kupita katikati ya nyumba za watu badala ya kupita pembeni. Kuta za udongo ziliyeyuka kama sukari ndani ya chai. Mabati yalikwenda na maji, na viti, na kabati la vitabu. Kijiji kikahamia huku juu, karibu na barabara, kikauacha mkuyu wake mkubwa na kuondoka na jina tu. Huku juu hakuna mkuyu hata mmoja. Kuna miti ya mathenge yenye miiba, vumbi, na upepo unaoleta harufu ya ng'ombe wa Waorma kutoka tambarare.

Zipporah ana miaka sitini na mitatu. Ni Mpokomo wa mto huu huu, mjane, mama wa watoto wanne waliotawanyika kutoka Malindi hadi Nairobi, na mzee wa kanisa kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Yeye hufua kitambaa cha altare na kukianika kwa ndani ili jua lisile rangi. Yeye hutunza beseni la ubatizo, jeupe, lenye ukingo wa buluu na pengo dogo la kutu. Yeye huwatembelea wagonjwa, na mchungaji asipokuwepo huongoza sala, kwa sababu mchungaji ana sharika tano na pikipiki moja, na huonekana Mkuyuni mara moja kwa mwezi kama mwezi mwenyewe.

Ibada ya Mkuyuni si ya haraka. Watu huja na walichonacho, mkungu wa ndizi, kikapu cha maembe, kuku aliyefungwa miguu ambaye hulalamika wakati wa kuungama dhambi, na watoto hucheka wakidhani naye anaungama. Ibada ikiisha hawatawanyiki. Hutoka mmoja mmoja wakiimba, anayetoka anampa mkono aliyemtangulia na kusimama karibu naye, mpaka duara kubwa linafungwa pale nje, na hakuna aliyeondoka bila kushika mkono wa kila mtu. Aliyegombana na mwenzake wiki hiyo hujulikana hapo, kwa namna mkono unavyochelewa.

Imani yake Zipporah aliipata juu ya dungu. Alipokuwa msichana alipewa kazi ya kuamia ndege, kukaa juu ya lile jukwaa la miti katikati ya mpunga na kuwafukuza kwerea kwa kelele na manati. Mwinjilisti wa wakati huo alikuwa amewapa watoto maswali na majibu ya katekisimo wayashike kwa moyo. Zipporah akaona, badala ya kupiga kelele zisizo na maana, heri awapigie ndege kelele za katekisimo. Akawa anauliza kwa sauti na kujijibu kwa sauti, na kwerea wakiruka wingu zima kutoka shamba hili hadi lile, na hivyo mpaka leo akisali peke yake husikia mbawa.

Kulikuwa na jibu moja alilolipenda kuliko mengine. Kwamba mtoto akiwa karibu kufa na mchungaji yuko mbali, muumini yeyote, hata mwanamke, hata msichana aliye juu ya dungu, anaweza kuchukua maji na kumbatiza kwa yale majina matatu, na ubatizo huo ni kamili, haurudiwi. Msichana yule alilitazama jibu hilo kama mtu anayetazama kisu kizuri kilichotundikwa ukutani. Hakutaka kukitumia. Alipenda tu kujua kwamba kipo.

Akakitumia akiwa na miaka sitini na mmoja.

Maji yalikuja usiku, bila kelele. Dina, jirani yake, akajifungua asubuhi yake juu ya tuta walikokimbilia, kabla ya miezi yake kutimia. Watoto wawili, wa kiume na wa kike, kila mmoja mdogo kama njiwa. Mumewe alikuwa Mombasa kazini. Dina alivuja damu nyingi, akawa anaongea na watu wasiokuwepo, halafu akanyamaza. Mtumbwi uliopatikana ulikuwa wa Mahmud, fundi wa mitumbwi, mtu wa Kipini, aliyekuwa amepanda mto kwa hiari yake kuokoa yeyote atakayemkuta. Dina akalazwa chini. Zipporah akakaa mbele na watoto wote wawili kifuani, ndani ya leso moja. Mahmud akasimama nyuma na upondo wake, wakaanza safari ya Minjila, kwenye lami, ambako gari la wagonjwa lingeweza kufika.

Katikati ya mashamba yaliyogeuka ziwa mtumbwi uligonga kisiki, ukapasuka ubavuni. Maji yakaanza kupanda kwenye mgongo wa Dina. Mahmud, akisukuma kwa nguvu zake zote, akapiga kelele:

"Fua, mama! Fua maji! Fua!"

Mtu wa Kipini akisema fua maji, anasema uyatoe maji chomboni, uyachote na kuyamwaga nje kabla hayajakuzamisha. Mtoto wa pwani hulijua neno hilo kabla hajajua kuvaa. Lakini kwa Zipporah kazi hiyo ina jina lake la Kipokomo, na Kiswahili chake alikipata shuleni na kanisani, na katika Kiswahili hicho kufua ni kitu kimoja tu, ni kuosha kitu kwa maji kiwe safi. Akasikia, osha. Akatazama kifuani mwake. Midomo ya yule wa kiume ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Yule wa kike alikuwa akipumua kama mtu anayesahau na kukumbuka. Na nyuma yake sauti ya mwanamume ikaendelea kusema, osha, osha, osha. Akatia mkono mtoni.

Hapo kumbukumbu inakatika.

Anakumbuka maji yalivyokuwa ya vuguvugu, na mekundu kwa udongo. Anakumbuka majina aliyowapa, Yeremia na Rebeka. Anakumbuka, au anadhani anakumbuka, Baba. Anakumbuka Mwana. Kisha ni lami ya Minjila, na watu wengi, na blanketi.

Yeremia alifariki alfajiri iliyofuata. Walimzika huku juu, wakati huku juu kulikuwa bado pori, kwa hiyo Mkuyuni mpya ilianza na kaburi lake kabla ya kuwa na nyumba hata moja. Dina alipopata fahamu siku ya tatu na kuambiwa wa kiume amekufa, hakuuliza kama mtoto alilia au hakulia, wala amezikwa wapi. Aliuliza, "Alibatizwa?" Zipporah akamjibu neno moja, "Alibatizwa." Dina akageukia ukuta, na kwa mara ya kwanza akalala usingizi wa kweli.

Lakini usingizi wa Zipporah ndio ulioanza kujaa maji. Aliota yumo mtumbwini. Mashamba hayana mwisho, mbingu iko juu na mbingu iko chini, na katikati kuna mtumbwi mwembamba kama ukope. Anachota maji. Anasema Baba, na neno linakuwa ndege mweupe, linaruka. Anachota tena. Anasema Mwana, linaruka. Anachota mara ya tatu, anafungua kinywa, na kinywa kimejaa mto. Neno haliji. Kule chini ya maji kengele inagongwa, pigo moja, kimya, na watoto kifuani wanamtazama wakisubiri. Ndoto hiyo alikuja kuiota mara nyingi kiasi kwamba ilipita juu ya kumbukumbu kama mafuriko yanavyopita juu ya shamba, na yalipokauka hakujua tena mpaka ulikuwa wapi.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa nini? Rebeka alikuwa anakua, akatambaa, akasimama, akaanza kumwita "Zipo". Kaburi dogo lilikuwa na msalaba wake.

Halafu akaja mchungaji mpya na kitabu kipya.

Aliitwa Mchungaji Baya, Mgiriama wa upande wa Kilifi, kijana mrefu anayevua helmeti kwa heshima kama mtu anayevua kofia. Kitabu cha wabatizwa kilikuwa kimezama pamoja na kabati, na dayosisi ilimpa kingine, kikubwa, cha kurasa zenye mistari. Akatangaza kwamba kila mtu wa usharika aje aandikwe upya, jina, siku, mahali, aliyembatiza, na shahidi mmoja. Watu wakapanga foleni baada ya ibada. Wazee wakasaidiana kukumbuka. Ilikuwa kama kijiji kinakusanya nyuzi zake kutoka matopeni.

Zamu ya Dina ilipofika, alimketisha Rebeka mezani na kusema, "Hawa ni wawili, Mchungaji. Rebeka na Yeremia. Yeremia ndiye yule pale," akaonyesha dirishani, kwenye msalaba. "Aliwabatiza Mama Zipporah mtumbwini."

Mchungaji akainua macho. "Ni vizuri sana. Mama, njoo. Ulitumia maji?"

"Maji yalikuwa mengi, Mchungaji."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Na ulitaja majina matatu? Baba, Mwana, na Roho Mtakatifu?"

Zipporah angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa dogo, na Dina alikuwa amesimama pale na kitambaa chake kizuri kichwani. Lakini alikuwa amefundishwa na ndege, na mbele yao mtu hujibu alichokishika.

"La kwanza nalijua," akasema. "La pili nalijua. La tatu, sijui kama nililisema au niliota kwamba sikulisema."

Mchungaji akaweka kalamu chini.

"Kulikuwa na mwingine aliyesikia?"

"Dina alikuwa hajitambui. Na yule mwenye mtumbwi."

"Mahmud!" mtu akasema nyuma, na wengine wakaanza kukohoa kuficha kicheko, maana kisa cha Mahmud kilikuwa kinajulikana kote, kutoka vibanda vya chai vya Garsen hadi Kipini. Nilimwambia mama wa watu afue maji, husema Mahmud, yeye akafua watoto. Zipporah alikuwa amekisikia kikisimuliwa akiwa amepanga foleni ya sukari dukani, na tangu siku hiyo akimwona Mahmud ng'ambo hubadilisha njia.

Mchungaji Baya aliinua mkono kuwatuliza. Hakuwa mtu mkali. "Basi tufanye hivi," akasema kwa upole. "Nitakuja Jumapili ijayo, kwa ajili ya hili tu. Tukipata shahidi, ni vyema. Tusipopata, pale penye shaka kanisa linabatiza. Nitambatiza Rebeka mbele yenu wote, kwa lile beseni, na shaka itaisha."

"Itaisha kwa Rebeka," akasema Zipporah. "Ukimbatiza huyu, mwenzake umemfanya nini? Maji yalikuwa yale yale. Mkono ulikuwa huu huu."

"Yeremia tumemkabidhi kwa Mungu, mama. Mungu hafungwi na kitabu changu."

"Najua hafungwi."

Na alijua. Lakini Dina alikuwa anamtazama. Si kwa hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyeegemea ukuta miaka miwili na sasa anasikia unasogea.

"Mama Zipporah," akasema polepole. "Uliniambia alibatizwa."

Jumatano Zipporah alivaa leso yake safi akashuka mtoni.

Kule chini, njia ya kwenda Hewani inapita kando ya msitu, na asubuhi ukungu hukaa kati ya miti kama watu waliofika mapema. Alipita mahali palipokuwa na nyumba yake. Sasa ni mchanga laini na nyayo za ndege. Alipita mkuyu, peke yake ukingoni, ukiwa na alama ya tope juu kuliko kichwa cha mtu. Alitembea akijiuliza atamwambia nini mtu ambaye amemcheka miaka miwili, na kila alipopata maneno mazuri tumbili mmoja alikohoa juu mtini akayapoteza.

Mahmud alikuwa kwenye gati ya kuvukia, amepiga magoti ndani ya mtumbwi uliogeuzwa ubavu, akiziba ufa kwa pamba na mafuta. Ana miaka hamsini na kitu, kofia ya kiua, mikono kama mizizi. Alipomwona akasimama.

"Laa ilaha illallah! Mama Zipporah! Leo jua limechomoza wapi? Karibu, karibu. Au umekuja kunifulia nguo?"

"Nimekuja na neno, Mahmud. Usinichekeshe."

"Basi nasikiliza." Akamsogezea dumu akalie.

"Kile kisa chako. Nataka unisimulie."

Mahmud akaona aibu ghafla, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Mamaangu, ule ni mzaha tu. Wallahi sikukusudia ubaya. Watu wa vibandani wakikaa bila kucheka chai haishuki. Ikiwa nimekukosea nisamehe, na leo ndio mwisho."

"Sikuja kukukataza. Nimekuja kusikia. Kisimulie chote, kama unavyowasimulia wao. Usiruke kitu."

Akamwangalia kuona kama ni mtego. Kisha, kwa kuwa kilikuwa kisa kizuri na alikipenda, akasafisha koo. Mwanzo alisimulia kwa kujizuia, halafu mikono ikaanza kumsaidia.

"Nikasema fua. Huyu hafui. Nikasema fua maji, mama! Kumbe mwenzangu anachota maji mtoni, analeta ndani! Tunazama, na yeye anaongeza! Nikainua macho, namwona anammwagia mtoto kichwani. Nikasema, amerukwa na akili huyu. Mara ya kwanza, nikamwapiza. Mara ya pili, nikamwapiza. Mara ya tatu, nikawaapiza na waliompandisha chomboni mwangu. Akamaliza na wa kiume, akashika wa kike. Tatu tena! Sita zote nilizihesabu, maana kila moja nilikuwa naona tunashuka kidole kizima."

"Na nilikuwa kimya?"

"Kimya? Ulikuwa unasema! Kila maji yanaposhuka, neno. Maji, neno. Maji, neno."

Zipporah alishika ukingo wa dumu. Mto ulikuwa unapita polepole, ukibeba majani, na akaona kana kwamba gati nayo inapita pamoja nao.

"Maneno gani, Mahmud?"

"Hayo ni ya dini yenu. Sikuyashika, na hata ningeyashika nisingeyatamka." Akafikiri. "Lakini urefu wake naujua. La kwanza lilikuwa fupi. La pili fupi. La tatu refu. Refu, mama! Hapo ndipo vibandani hucheka zaidi. Mimi nasema, huyu mama neno lake la tatu atalimaliza tukiwa chini na kambare."

Zipporah hakucheka. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Akapima la kwanza. Akapima la pili. Akapima la tatu, na likawa refu.

"Kwa wote wawili?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Kwa wote wawili. Kwa wa kiume nilikuwa nakuapiza. Kwa wa kike nilinyamaza."

"Kwa nini?"

Mahmud akaangalia pamba iliyokuwa mkononi mwake. "Hii sijawasimulia vibandani. Mtumbwi wote ulikuwa unatetemeka, mimi natetemeka, upondo unatetemeka. Wewe hukutetemeka. Nikaona, huyu yuko mahali pengine, na si vizuri kumwita arudi. Halafu ulipomaliza ukachukua mkebe ukafua maji kama wanaume watatu. Ndiyo maana tulifika."

"Hilo silikumbuki."

"Basi mimi nalikumbuka."

Ndipo Zipporah akamweleza kuhusu kitabu na mchungaji na msalaba unaoonekana dirishani. Mahmud akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akajikuna, akaivaa.

"Mimi? Kanisani? Mke wangu Mwanahamisi atasema nimeanza kuimba kwaya."

"Husemi chochote cha kwetu. Unahesabu tu."

"Yule wa kiume," akasema, "nilimbeba mimi kutoka mtumbwini mpaka garini. Hakuwa na uzito hata wa kafi ya mtumbwi. Kwetu kuficha ushahidi ni dhambi. Nitakuja. Lakini yale majina siyatamki."

"Usiyatamke."

Jumapili ile Zipporah aligonga ringi, pigo moja, kimya, pigo jingine. Wimbo wa kwanza ulipokuwa unaisha Mahmud akatokea mlangoni amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akavua viatu kwa mazoea. Watoto wakatazama miguu yake. Mzee mmoja akamnong'oneza kwamba hakuna haja. Akasema, "Nimeshavua," akabaki hivyo, amesimama ndani kidogo ya mlango.

Ibada ilipokwisha Mchungaji Baya alifungua kitabu mezani, karibu na beseni. Beseni lilikuwa na maji tayari. Dina alikaa mbele na Rebeka, ambaye alivaa gauni jeupe endapo ingebidi.

"Bwana Mahmud," akasema Mchungaji, "tuambie ulichokiona."

Alianza kwa sauti ya mahakamani. Lakini kisa hakikuzoea kusimuliwa hivyo, na alipofika kwenye fua, mikono yake ikaponyoka. Akachota hewa, akamwaga hewa. Akaapiza kwa adabu, kwa maapizo madogo yanayofaa mahali pale. Vicheko vikaanza nyuma, vikasogea mbele benchi kwa benchi, na Zipporah, aliyekuwa akivikimbia miaka miwili, alikaa katikati yake na kuviacha vipite kama mvua ya kwanza.

"Sita," akasema Mahmud. "Tatu kwa huyu, tatu kwa yule. Na kila maji, neno lake. La kwanza fupi. La pili fupi. La tatu refu."

"Refu kiasi gani?" akauliza Mchungaji.

"Mpaka nikasema atalimaliza tukiwa chini na kambare."

Hakuna aliyecheka. Kanisa zima lilikuwa linapima. Ungeweza kuiona midomo, ya wazee, ya mama wa kwaya, ya watoto wa katekisimo, ikifunga na kufungua bila sauti, fupi, fupi, refu, kama pumzi moja ya watu wengi. Dina alipima mara mbili, mara moja kwa kila mtoto. Alipofika mwisho wa mara ya pili alifunika uso kwa gauni la Rebeka.

Mchungaji Baya akachukua kalamu. Aliandika bila haraka, akisoma anachoandika. Rebeka. Yeremia. Akaandika siku. Alipofika kwenye mahali akasita, na Mahmud akamsaidia, "Andika mtumbwini. Kati ya Mkuyuni na Minjila, juu ya shamba la mtu." Akaandika. Aliyebatiza, Zipporah. Shahidi, Mahmud wa Kipini.

"Niandike shahidi wa maji," akasema Mahmud. "Maneno ni yenu."

"Nitaandika hivyo hivyo," akasema Mchungaji, na akaandika hivyo hivyo.

Dina akaomba aonyeshwe. Alisogea, akaweka kidole chini ya jina la Yeremia bila kuligusa, kwa kuwa wino ulikuwa bado mbichi, akakaa nalo hapo muda mrefu. Kisha akamgeukia Zipporah. Alisema tu, "Haya, mama," kama watu wanavyosema mzigo unapofika nyumbani.

Wakatoka wakiimba. Mahmud alikuwa karibu na mlango, kwa hiyo alijikuta wa kwanza nje, na kwa kuwa hakujua utaratibu alisimama, na kila aliyetoka akampa mkono na kupanga mstari baada yake, mpaka duara likafungwa na yeye yumo. Zipporah alitoka wa mwisho. Mkono wake haukuchelewa.

Kesho yake alishuka mtoni na kitambaa cha altare. Mto ulikuwa mdogo, wa kiangazi, ukipita kwa kunong'ona. Alikitia kitambaa majini, akakisugua kwa sabuni, akakisuuza mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akachelewa kidogo, akikiangalia kinavyoelea kati ya mikono yake, cheupe, chembamba, kikivuta kufuata maji. Ng'ambo mtumbwi mmoja ulikuwa ukivuka, na mtu aliyesimama nyuma akainua upondo wake juu.

"Fua, mama! Fua!" akaita.

"Nafua!" akajibu Zipporah, na kicheko chake kikawarusha kwerea kutoka upande huu wa mpunga hadi ule.